Ufa wa Mkono wa Nne

Fundi wa miwani mwenye kibanda kando ya zahanati alijulikana kwa jina la Darubini. Jina hilo hakulipata kwa kazi yake, alilipata kwa tabia. Kitu chochote alichopewa lazima akisogeze hadi ncha ya pua kabla ya kukitolea neno. Ukimkaribisha chai, atakizungusha kikombe kwanza aone kama kina ufa mdomoni. Mke wake alipenda kuwasimulia watu kwamba siku alipofika kwao mara ya kwanza, mama mkwe alinong'ona, "Mwanangu, huyu haoni." Kumbe anaona kupita kiasi.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani. Walikuwa na mabinti wawili pacha, sasa wakubwa na wanasoma mbali, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, na mumewe akiwa nyumbani alikuwa Baba Pacha. Sebule yao walikuwa wameigawana. Upande wa dirishani ilikaa cherehani, meza ya kukatia na magauni ya wateja yaliyoning'inia ukutani. Upande wa mlangoni ilikaa meza ndogo ya Baba Pacha, taa ya shingo ndefu, bisibisi nyembamba kama njiti, na droni yake.

Droni hiyo aliipata ikiwa mbovu, akaihangaikia miezi mitatu mpaka ikaruka. Tangu hapo kila Jumapili alikwenda nayo kwenye uwanja wa shule pamoja na rafiki yake, mwalimu wa hesabu, naye ana ya kwake.

"Wanaume wazima wawili na vishada vyao," Mama Pacha alizoea kusema akiwafungulia mlango. "Mkichoka mje mle."

Jumapili moja droni ya Baba Pacha iligonga mwamba wa goli. Haikuvunjika. Ilianguka kwenye nyasi, akaiokota, akaipangusa, ikaruka tena. Lakini Darubini ni Darubini. Jumamosi iliyofuata, baada ya kufunga kibanda, aliiweka mezani aikague bodi yote.

Alitoa betri na propela zote nne. Akaifuta bodi kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu vumbi huficha ufa na pengine huufanya ufa usiokuwepo uonekane upo. Akainamisha taa hadi mwanga ukapita ubavuni, kwani ufa ukimulikwa kutoka juu hauonekani, ukimulikwa kutoka pembeni hutupa kivuli. Akapitisha kipande cha pamba taratibu kila mahali. Pamba ikinasa, hapo pana ufa. Mwisho akaanza kuushika mkono mmoja mmoja wa droni, akiupinda kidogo sana huku ameusogeza sikioni. Plastiki nzima hukaa kimya. Iliyopasuka hulia.

Alipofika mkono wa pili alikuwa na nyufa mbili tayari, akaona azizibe kwanza, mmoja kwenye kifuniko cha chini karibu na betri, mwingine kwenye shina la mkono wa pili. Kila ufa aliutoboa tundu dogo mwishoni ili usiendelee kukimbia, akakwangua kwa msasa, akachanganya gundi ya mirija miwili, akapaka. Juu ya mkono wa pili akalaza kipande cha kitambaa cha nyuzi za kioo.

"Mama Pacha, naomba uzi nifungie hapa mpaka ikauke."

"Rangi gani?"

"Yoyote."

"Huo sina. Nina mweupe, mweusi na mwekundu."

Akaja mwenyewe na uzi mweusi na mkasi. Alimfungia, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mumewe, akakata, akainama kuitazama kazi. Kisha akanyoosha kidole.

"Na huo?"

"Upi?"

"Huu hapa, chini ya mota. Kama unywele."

Ulikuwa mkono wa nne, ambao Baba Pacha bado alikuwa hajaupinda. Alipitisha ukucha. Ukucha uliteleza. Kuupinda kungemlazimu aishike droni kwa nguvu, na gundi ya mkono wa pili ilikuwa bado mbichi.

"Mchubuko wa rangi tu," alisema. "Ukucha haunasi."

"Haya, wewe ndiye fundi," alisema Mama Pacha, akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Usiku maji yalikuwa yamedondoka juu ya meza ya kukatia na kulowesha kitambaa cha mteja, na Mama Pacha alikuwa amenuna. Baba Pacha akaona hapo ndipo kishada kitajitetea.

"Hakuna haja ya ngazi," alisema. "Ninairusha juu ya paa, tunaona bati lililotoboka, basi."

Mama Pacha alisimama mlangoni na kitambaa kilicholowa begani.

"Njoo uone mwenyewe," mumewe alimwita. "Njoo, usiogope."

Akaja. Alisimama ubavuni pake uani, wote wawili wakitazama simu iliyobanwa kwenye kidhibiti. Paa lao lilionekana lote, kutu yake, majani yake, na kiatu cha mtoto ambacho hakuna aliyejua kilifikaje huko. Mama Pacha alicheka. Kununa kukaisha.

"Lile pale! Lile tundu, karibu na msumari! Ishushe kidogo."

Aliishusha. Ilikuwa usawa wa ukingo wa paa ilipotoa mlio mkavu, kama kijiti kinapovunjika. Mkono wa nne ulikunjika. Droni ilipinda, ikaanza kujizungusha, ikawajia. Baba Pacha alisukuma kidole gumba, akavuta, akasukuma tena, na hakuna kilichomtii. Mama Pacha aliinua mkono wa kulia kujikinga uso, propela ikaupitia.

Chafya huchukua muda mrefu kuliko hapo. Droni ilikuwa chini imelala chali, na Mama Pacha ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Baba Pacha," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "kidole hakiinuki."

Aliuzungushia mkono kile kitambaa kilicholowa, akampeleka hospitali. Huko walimuuliza, "Wewe ni nani wake?" Akasema ni mume wake. Wakamwonyesha benchi. Alikaa. Alikuwa na mikono iliyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, na saa nne nzima mikono hiyo haikuwa na kazi ila kushikilia viatu vya mke wake.

Daktari alipotoka alieleza bila kuzunguka. Kano mbili zilikatika, ya kidole gumba na ya kidole cha shahada. Zimeshonwa.

"Zitarudi kama zamani?" Baba Pacha aliuliza.

"Tutaona."

"Anashona nguo, daktari. Anashika mkasi."

"Nimekuelewa, mzee. Tutaona."

Mama Pacha alirudi nyumbani na mkono uliofungwa kwenye kibao. Mdogo wake wa kike akaja kumsaidia. Huyu shemeji alikuwa na maneno machache na mikono ya haraka. Alipika, alifua, alimchana dada yake nywele. Kila Baba Pacha alipojaribu kushika kitu, alikuta kimeshashikwa.

"Shemeji, nikusaidie nini?"

"Kaa tu, shemeji."

Akawa mtu wa kukaa tu. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao. Walikuja kwa adabu, na matunda, wakatoa pole ndefu, kisha wakageuza macho ukutani kwenye magauni yao yaliyokatwa nusu. Mama Pacha alimwelekeza mdogo wake kipi ni cha nani. Mmoja alikuwa na shughuli wiki hiyo hiyo, akaomba samahani hadi akalengwalengwa na machozi. Mama Pacha ndiye aliyembembeleza. Baada ya siku kumi ukuta ulibaki na misumari mitupu.

Hakumlaumu mumewe. Hilo ndilo lililomtesa Baba Pacha. Alingoja siku ya kwanza, ya pili, wiki ya kwanza, ya pili. Alijitayarishia majibu, akayaona yote hayafai, akaendelea kungoja. Mkewe alizungumza naye kuhusu sukari iliyokwisha, kuhusu mabinti waliopiga simu, kuhusu bati lililozibwa na fundi wa jirani. Kuhusu mstari kama unywele, hata neno moja.

Wiki ya tatu aliichukua droni kutoka chini ya kitanda, akaiweka mezani. Hakujua kwa nini. Mikono iliyokosa la kufanya ilitafuta inalolijua. Aliuweka mkono wa nne chini ya lensi, akauona ufa wote. Ulianzia ndani, kwenye tundu la skrubu ya mota, ukapanda chini kwa chini, na ncha yake tu ndiyo iliyojitokeza nje. Pale nje ulikuwa laini, haungeweza kunasa ukucha. Lakini kama angeupinda mara moja tu, ungelia.

Aliutengeneza. Alitia kipande cha waya wa chuma ndani kama uti, akamwaga gundi, akalaza kitambaa cha nyuzi za kioo matabaka matatu, akangoja siku nzima, akakwangua hadi mahali palipovunjika pakawa laini kuliko plastiki ya kiwandani. Akaupinda sikioni. Kimya. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Mwalimu wa hesabu alimkuta ameishika hivyo.

"Umeitengeneza," alisema mwalimu.

"Nimeitengeneza."

"Mimi huwaambia wanafunzi wangu, usipoziba..." Mwalimu aliuma ulimi. Uso ulimbadilika. "Nisamehe, ndugu yangu. Mdomo umeponyoka."

"Chukua," Baba Pacha alimwambia, akamsukumia droni. "Nenda nayo."

"Nitaifanyia nini? Ninayo yangu."

"Chukua tu. Usiniletee habari zake."

Mwalimu aliibeba kwapani kama mtu aliyekabidhiwa kuku asiyemtaka, akaondoka.

Alasiri hiyo shemeji alikuwa sokoni. Mama Pacha alikuwa dirishani, amekaa kwenye kiti cha cherehani, mkono wake mgonjwa umelala juu ya meza. Baba Pacha akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Uliniuliza," alisema.

"Nilikuuliza nini?"

"Ile Jumamosi. Uliuona ufa. Uliniuliza, 'Na huo?' Nikakwambia ni mchubuko wa rangi."

Mama Pacha alimtazama. Kisha akatazama nje, ambako hakukuwa na kitu ila kamba ya nguo.

"Sikumbuki," alisema.

"Mama Pacha, unakumbuka."

"Nimesema sikumbuki. Sasa unataka nifanyeje, nikumbuke ili wewe upone?"

Hakuwa amepandisha sauti. Baba Pacha hakujua, na hata leo hajui, kama mkewe alisahau kweli au aliamua kusahau. Na kama aliamua, hakujua kama ni kwa huruma au ni kwa adhabu.

Kibao kilitolewa baada ya wiki sita. Kidole gumba kinasogea kidogo, kile cha shahada kinakunjika nusu kisha kinatetemeka. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa sponji. Aubane, auachie, kila siku nusu saa. Alipoulizwa kuhusu mkasi, naye akasema tutaona, lakini aliyasema akiwa anaandika, hakuinua kichwa. Shemeji alirudi kwake. Chuo kimoja cha ushonaji kilisikia habari, kikamwomba Mama Pacha akafundishe wasichana kukata, mara mbili kwa wiki. Yeye aelekeze kwa mdomo, wao washike mkasi. Amekubali. Siku za kufundisha hurudi na sauti iliyokauka, na huwa na mengi ya kusimulia juu ya wasichana wale, yupi ana jicho, yupi anakata kama anachinja.

Zile nusu saa za mpira Baba Pacha alianza kwa kukaa naye. Alisogeza kigoda, akautazama mkono kwa ukaribu ule ule wake. Vidole vikitetemeka, yeye anashusha pumzi. Mpira ukianguka, yeye keshauokota.

Siku ya nne Mama Pacha aliuweka mpira mezani.

"Baba Pacha, toka nje."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ukinitazama hivyo mkono unakufa ganzi. Toka, nitakuita."

Kwa hiyo kila jioni hutoka. Husimama uani karibu na ukuta, mikono mgongoni. Majirani wakipita humsalimu, naye huitikia. Kutoka ndani humfikia mlio mdogo wa mpira ukianguka sakafuni, ukidunda, ukibingirika hadi unakotulia. Halafu mlio wa kiti kinachoburutwa, na hatua za mke wake akiufuata. Yeye haingii. Hungoja aitwe.