Mama Mkwe Anataka Nimfukuze Mteja Asiyevumilia Ubani

Wasomaji wa ukurasa huu, asalaam aleikum. Jina langu lifichwe, ingawa atakayenijua na anijue tu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nina mume na watoto wawili, na nina saluni ndogo hapa Galbet, Garissa. Nasuka, napaka hina, naandaa maharusi. Chumba ni cha mama mkwe wangu, na hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Mwaka jana mama mmoja muuza maziwa aliniletea binti yake wa miaka kumi na saba. Nitamwita Hodan. Hodan haongei sana, hakutazami usoni, na kelele na moshi wa ubani vinamuumiza kweli kweli. Watu wanasema ana majini. Kuchanwa alikuwa hataki, kwa hiyo nywele zikifungamana mama yake na shangazi zake walimshika mikono na miguu wakamnyoa kwa wembe. Mama aliniambia amechoka kumlaza mwanawe chini kama mbuzi wa kuchinjwa.

Siku ya kwanza nami nilikosea. Nilimkalisha mkekani nikambana kwa magoti, kama tunavyosuka sote huku, chetezo cha uunsi, ubani wetu, kikifuka pembeni, na wanawake sita wakipiga soga. Aliniuma paja. Alama ninayo mpaka leo, na nilistahili.

Nikamwambia mama amlete Jumatatu asubuhi. Nilizima redio, nikatoa chetezo nje, nikamkalisha kwenye stuli, mimi nikasimama. Kabla sijamgusa namwonyesha kitana na kumwambia naanzia wapi. Nachana mara kumi, tunapumzika. Akiinua mkono, naacha. Wiki ya kwanza tulichana upande mmoja tu, akaenda nyumbani hivyo hivyo, nusu kichwa msitu. Sasa nywele zimefika mabegani. Wamekuja wasichana wengine wawili wa namna yake, mmoja ametoka Wajir, na Jumatatu ikawa siku yao.

Lakini huku kwetu mgeni asipofukiziwa uunsi huona amedharauliwa. Wiki mbili zilizopita shangazi wa bi harusi mmoja aliingia Jumatatu bila habari. Hakukuta moshi, na nikamwomba ashushe sauti. Alitoka amenuna, akaenda kutangaza kwamba mimi natibu majini. Mama mkwe akaja hajavua hata viatu.

"Saluni bila uunsi ni aibu yangu mimi," akaniambia. "Mtoe huyo msichana, au utoe vioo vyako."

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Mume wangu, dereva wa lori, anasema nimtii mama yake kwa sababu ya heshima. Nikamuuliza, na heshima ya Hodan iko wapi? Akaenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Habari zilimfikia mama Hodan. Jumatatu iliyopita alikuja akasema kwa upole hataki kunivunjia ndoa.

"Tutarudia wembe, abaayo, dada yangu," akasema. "Ameshauzoea."

Hodan alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliingia, akatupita sisi wawili, akakaa kwenye stuli. Kisha akachukua kitana mezani na kuniwekea mkononi. Mwaka mzima hajawahi kunipa kitana yeye mwenyewe.

"Kumi," akasema.

Nilichana huku nalia, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa nishaurini, nifanye nini? Nihame na vioo vyangu nitafute chumba kwingine, mume akinuna na anune? Au nibaki hapa hapa nipambane na mama mkwe? Yote mawili nayaweza. Ila anayetaka kuniandikia kwamba nimfukuze Hodan asipoteze wino wake. Jumatatu nafungua kama kawaida, na chetezo kitakuwa nje.