Mzee Aliyeonja Waini za Hoteli Nne

Siku ya kwanza kumwona Mzee Gidahosh nilimpelekea glasi ya waini, akakataa kuipokea.

Alikuwa amekaa meza ya dirishani, ile inayoangalia mlima, shuka limefungwa begani na fimbo kaisimamisha katikati ya magoti. Bosi wetu, Lameck, alikuwa amemleta mwenyewe kwa gari kutoka kijijini kwake Getanuwas. Nikaweka glasi mezani, nikabaki nimesimama.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana nilikuwa nimesahau.

"Marahaba. Onja."

"Ni ya kwako, mzee."

"Najua ni ya kwangu. Kwetu anayeleta ndiye anayeonja kwanza. Nitajuaje hukuweka kitu?"

Hilda, mpishi wetu, akacheka kutoka jikoni. "Onja basi, Tadei! Au kweli umeweka?"

Nina miaka arobaini na sita, lakini watu wawili wakiniangalia kwa pamoja sijui nishike wapi. Nikaonja, nyingine ikanimwagikia kwenye shati. Mzee akaridhika. Akaipokea glasi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Hoteli za Lameck zinaitwa Tulia, na ziko nne: hii ya Katesh ninapohudumia, ya Mogitu, ya Haydom na ya Mbulu mjini. Menyu ni moja, rangi ya ukuta ni moja, hata vitambaa vya meza vilikatwa kwenye jora moja. Mwaka ule Lameck alikuwa ameanza kuuza waini, kwa ajili ya wageni wanaokuja kupanda mlima na wafanyakazi wa ofisini ambao hawataki kuonekana na chupa ya bia. Zilikuwa aina tatu: nyekundu kali, nyekundu tamu na nyeupe. Akataka mtu wa kuzionja katika hoteli zote na kuzisemea kwenye menyu mpya. Watu wakamtajia Gidahosh.

Huko Getanuwas wazee wakipika pombe ya asali kwa shughuli zao, kibuyu kilikuwa hakifunguliwi mpaka Gidahosh aonje. Akisema imeiva, watu wanakunywa. Akisema bado, watu wanarudi nyumbani na shughuli inangoja, hata kama kuna mgeni aliyetembea kutoka Yaeda Chini. Kazi hiyo aliifanya zaidi ya miaka thelathini. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kwa ukame na wake zake wote wawili walikuwa wamekufa. Alichobaki nacho ni watu kuuamini mdomo wake.

Siku hiyo alimimina waini kidogo kwenye kiganja, akasugua, akangoja ikauke, ndipo akanusa. Kisha akanywa funda moja na kufumba macho.

"Nani kapika hii?" akauliza.

"Imetoka kiwandani, mzee wangu," Lameck akasema.

"Kiwanda nimesikia. Nauliza mtu."

"Mtu hayupo. Ni mitambo."

"Sasa ikiharibika mnamgombeza nani?"

Lameck alicheka mpaka akapiga meza. Mzee hakucheka. Alikuwa ameuliza kweli.

"Tadei," Lameck akaniambia, "wewe unajua kuandika na huna maneno mengi. Zunguka naye. Kila anachosema, andika."

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri. Tulizunguka siku nne kwa pikapu ya hoteli, mimi na mzee na dereva. Kila mahali niliweka glasi, nikaonja kwanza, nikampa. Siku ya pili sikumwaga tena hata tone. Njiani mzee alinifundisha kushika waini nyuma ya ulimi kabla ya kumeza, na kunyamaza kidogo kabla ya kusema neno. "Kunyamaza unajua tayari," akasema. "Bado kusema." Tangu baba yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amenifundisha kitu.

Mogitu tulikuta chupa zimepangwa kwenye rafu iliyo juu ya jiko la kuchomea nyama. Chupa moja ilikuwa imefunguliwa siku tisa zilizopita na kuzibwa kwa kipande cha gazeti. Mzee alionja zote tatu, kila moja akaitema nje mlangoni.

"Andika zimekufa," akaniambia. "Andika zimwagwe. Neno hilo usiliache."

Nikaandika: zimekufa, zimwagwe.

Haydom waliziweka kwenye friji la samaki zikaganda, wakaziyeyusha juani. Mzee akasema zina harufu ya kambale, nikaandika. Mbulu mjini tulikuta mhudumu anayeitwa Marieta amezilaza kwenye chumba cha giza nyuma ya magunia ya maharage, kwa akili yake tu, hakuna aliyemwambia. Mzee alionja nyeupe, akaomba nyingine. Akamwita Marieta, akamshika mkono mbele ya wateja. "Wewe una adabu na kinywaji," akamwambia. Hilo nalo nikaliandika.

Lameck aliposoma daftari langu alikunja uso. Hakuchana ukurasa wala kunigombeza. Alikwenda tu stationari, akarudi na karatasi iliyopigwa chapa: *Mimi Mzee Gidahosh nimeonja waini za Tulia katika hoteli zote nne. Zote ni nzuri na zimetunzwa vizuri.* Chini kulikuwa na nafasi ya dole gumba.

"Mpelekee aweke dole," akasema.

"Bosi, hakusema hivi."

Nilisema hivyo, lakini kwa sauti ndogo. Akaniuliza nimesemaje, nikamjibu hamna kitu.

Gidahosh nilimkuta nyumbani kwake, anashona mshipi wa ngozi. Akanikaribisha kigoda, akaniletea maziwa, akayaonja yeye kwanza kisha akanipa. Halafu akaiangalia karatasi. Kusoma hakujua.

"Umeandika yote?"

"Yote, mzee."

"Na ya Mogitu imo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu, hakuna aliyeniangalia zaidi yake. Sikuogopa watu siku ile. Niliogopa kurudi Katesh na karatasi tupu na kusimama mbele ya Lameck.

"Imo," nikasema.

Akabonyeza dole kwenye wino, akalibandika pale nilipomwonyesha.

Menyu mpya zikaja. Picha yake iko ukurasa wa mbele, glasi mkononi, na maneno yale chini yake pamoja na alama ya dole lake. Nimezigawa mezani kila siku tangu hapo. Wageni wanaipiga picha kwa simu. Lameck anasema mauzo yamepanda. Chupa za Mogitu bado ziko juu ya jiko.

Yaliyofuata aliniambia Judith, mjukuu wa Gidahosh anayesoma sekondari, alipokuja Katesh kununua madaftari. Wanaume watatu wa Getanuwas walipita Mogitu kutoka mnadani. Wakaona picha ya mzee wao, wakafurahi, wakaagiza. Walipewa waini iliyogeuka siki. Mmoja, Gidamis, akaichukua menyu ile mpaka kijijini, na Judith akaitwa aisome mbele ya wazee.

"Nilisoma, baba," Judith akaniambia. "Babu akasema siyo maneno yake. Gidamis akamwuliza, na dole? Babu akaliangalia, akasema dole ni lake."

"Akasema nani aliandika?"

"Hapana. Hakumtaja mtu."

Shughuli iliyofuata, kibuyu kilipoletwa, Gidamis alikipokea yeye. Akamwambia Gidahosh akae na wengine, angoje akaribishwe. Mtu aliyesifia siki, akasema, atajuaje asali? Watu wakacheka. Mzee akakaa pale alipoonyeshwa. Kibuyu kilipomfikia alikipitisha kwa jirani bila kunywa.

Niliazimia kwenda Getanuwas kuwaambia wazee ukweli. Wiki ya kwanza mvua ilinyesha. Wiki ya pili Hilda aliugua, kukawa na kazi nyingi. Hizo siyo sababu, nazitaja tu kwa kuwa ndizo nilizojiambia. Nilikuwa nawaza wazee wote wale wamekaa, wananiangalia.

Alikuja yeye. Ilikuwa Jumamosi mchana, hoteli imejaa. Akapita kati ya meza mpaka ile ya dirishani, akakaa, fimbo katikati ya magoti. Mezani kulikuwa na menyu, picha yake ikiangalia juu. Akailaza kifudifudi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Akaonyesha kwa kidole meza ya jirani, ambako watu walikuwa wanakunywa waini nyeupe.

Nilikwenda nikafungua chupa mpya, iliyotoka kwa Marieta kule Mbulu. Nikamimina. Hilda aliacha mwiko, akawa anatazama. Nilifika mezani, na kama alivyonifundisha, kabla ya kumpa nikainua glasi nionje kwanza. Mkono wake ukanizuia, taratibu, akaichukua glasi kabla haijafika mdomoni mwangu.

"Acha," akasema. "Usinionjee tena."