Assia wa taa agoma kuchagua kazi moja

Ngazi inayumba, na Assia Radjabu hajali. Mguu mmoja uko kwenye kidato cha juu kabisa, mwingine ameubana kwenye bomba la chuma, na mikono yake yenye glavu inageuza taa ya jukwaani.

"Mutu asimame pale mbele!" anapaza sauti. "Sioni sura, naona kivuli tu!"

Ni Ijumaa mchana, katika ukumbi mmoja wa michezo ya kuigiza jijini Bujumbura. Kesho kuna onyesho. Lakini leo, kabla ofisi haijafungwa, mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 39, anatakiwa kutoa jibu. Akubali ajira ya kudumu na aache shughuli zake nyingine zote, au aondoke kwenye kiti alichokikalia miaka kumi na mmoja nyuma ya meza ya taa.

Na shughuli zenyewe si haba. Asubuhi anauza vifaranga nyumbani kwake, mtaani Buyenzi. Siku za harusi anapamba maharusi. Jumapili anatundika filimbi shingoni na kuchezesha mechi za mpira wa kikapu za wasichana, na wachezaji wanajua kwamba kubishana naye ni kupoteza muda.

"Onyesho moja inanipa faranga elfu makumi ine, na kuko mwezi hakuna hata moja," anasema, akimaanisha elfu arobaini. "Sasa watoto wale mwanga?"

Ukidhani ni njaa tu inayomsukuma, atakukatiza. Anazipenda kazi hizo. Upambaji ameutoa humuhumu jukwaani: anajua poda gani inamezwa na taa kali, na ipi inamfanya bibi harusi aonekane kama ametoka kusaga unga.

"Photographe akiweka taa chini ya kidevu, mi namufukuza," anasema. "Bibi harusi wangu hawezi kuwa zimwi siku yake."

Vifaranga nao waliletwa na taa. Ukumbi uliponunua taa mpya zisizotoa joto, zile kuukuu zilitupwa stoo. Aliomba nne, akapewa, na sasa ndizo zinazowapa vifaranga joto usiku wa mvua.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwezi uliopita umeme ulikatika Buyenzi, mvua inamwagika, na Assia ana vifaranga sitini wachanga. Akawatia kwenye katoni na kuja nao kazini, kwenye jenereta, akawaweka nyuma ya pazia chini ya taa moja kuukuu.

Kosa lake likawa kuiunganisha taa hiyo kwenye waya uleule wa taa za jukwaa. Usiku huo kulikuwa na onyesho, na ulipofika wakati wa mjane wa mchezo huo kulia peke yake kando ya jeneza, Assia akazima taa zote, akabakiza moja tu ya kummulika mjane. Vifaranga wakakosa joto, nao wakaanza kulia. Watazamaji walicheka mpaka pazia likafungwa.

"Nilitaka kumukaba," anakiri Adélaïde, mwigizaji aliyecheza kama mjane. "Wiki mbili sikumusalimia. Lakini niliwaambia ofisini: vifaranga mutoe, Assia mumuache. Hakuna mwengine anajua taa iwe wapi ili machozi yangu yaonekane."

Mkurugenzi wa ukumbi, aliyempa Assia sharti la kuchagua baada ya usiku huo na aliyeomba jina lake lisitajwe, hana utani. "Huyu ni fundi ao ni muchuuzi?" anauliza. "Namupa mushahara ya kila mwezi. Anataka nini tena?"

Hata mama yake mzazi, Mwantum, anaona bintiye anachezea bahati. "Mutoto wangu, mushahara ya kila mwezi nani anaipata siku hizi?" alimwambia leo asubuhi.

Assia alimjibu kwa heshima zote. "Mama, unisamehe. Nikiacha yote, halafu wanifukuze, nitashika nini?"

Kwa kisa cha vifaranga aliomba radhi, kwa mkurugenzi na kwa Adélaïde, na anasema hata leo angeomba tena. Kinachomchoma ni kuambiwa kwamba mwenye kazi nyingi hana kazi.

Anashuka, anavua glavu, anakaza mtandio wake na kwenda ofisini. Hakai sana. Sauti yake inasikika hadi ukumbini: "Apana, patron. Kosa yangu niliikubali. Lakini maisha yangu siombei ruhusa."

Anarudi macho yamelowa, wala hafichi. Miaka kumi na mmoja si mchezo. "Inauma, wallahi," anasema huku akikunja waya. "Lakini ningesaini, ingeuma kila siku." Kesho atamulika onyesho lake la mwisho humu, na ole wake atakayegusa ile meza kabla halijaisha.

Aloys, kiongozi wa kikundi cha kina Adélaïde, amekwisha kumwambia kwamba watamfuata. Mwezi ujao wataigiza kwenye uwanja wa wazi katika mtaa wa Cibitoke, kwa taa ambazo Assia amekuwa akizinunua mojamoja. Baadaye Assia anataka kuzipeleka mtaa wa Gihosha, na kokote ambako watu hawajawahi kukata tiketi ya mchezo wa kuigiza.

"Andika Cibitoke, na uandike vizuri," anamwamuru mwandishi wa makala haya. "Na patron naye akuje. Nitamuwekea kiti ya mbele kabisa. Taa sitamupiga nayo kwa macho. Niko na adabu."