Saa Mbili za Everett

Darlene Hruska ni yule mama wa kiti cha mbele katika gari la polisi, mwenye mkoba wa biskuti za karanga. Hana bunduki wala sare. Ni mshauri wa wagonjwa wa akili, na huu ni mwaka wa nne tangu mji wetu huu wa Ohio uanze kumtuma pamoja na askari kila mtu anapopiga simu kusema mwanawe au mumewe amezidiwa. Askari wake ni Mayfield. Mayfield hutangulia kuingia. Akiona hakuna silaha, humwinulia vidole viwili kutoka mlangoni, ndipo Darlene hushuka.

"Mimi nina bastola, wewe una biskuti," Mayfield hupenda kumtania, "na bado wanakusikiliza wewe."

"Ungejua kupika, afande, nawe wangekusikiliza."

Ijumaa moja ya mwezi wa pili waliitwa kwa Mama Pogue. Mwanawe Everett, fundi wa mapaa, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, alikuwa ameacha dawa. Alikuwa ameziba kwa mablanketi matundu yote ya ukutani yanayoleta hewa ya moto, maana aliyasikia yakimsengenya, kisha akajifungia bafuni. Siku ya tatu hiyo hajala. Mayfield akainua vidole viwili. Darlene akaketi sakafuni, akawa anapenyeza biskuti moja moja chini ya mlango.

"Hii umeiunguza," sauti ya Everett ikasema baada ya muda mrefu.

"Kula hivyo hivyo. Oveni yangu nayo haisikii dawa."

Akacheka. Saa nzima ilipita ndipo akasema, "Nitakwenda hospitali, Bi Darlene. Ila pingu, hapana. Nikiwa na miaka kumi na tisa walinifunga hapo nje kwenye theluji, nina chupi tu, mtaa mzima unatazama."

"Hakuna pingu. Nakuahidi."

Aliahidi akiijua kanuni. Anayekaa kiti cha nyuma cha gari la polisi hufungwa pingu, hata awe mpole namna gani. Siku zote waliikwepa kwa kuita gari la wagonjwa. Lakini siku hiyo magari yote yalikuwa kwenye ajali ya barabara kuu, na redio ya polisi ikasema wasubiri kwa muda wa saa mbili.

Mayfield akamvuta jikoni. "Tungoje? Mimi sina haraka."

Darlene akatazama saa ya ukutani. Tisa na robo. Kumi na nusu alikuwa na miadi kwa msusi, miadi aliyokwisha kuiahirisha mara mbili. Na miguu ilikuwa ikimwaka moto.

"Twende tu," akasema. "Ni safari ya dakika kumi. Atavumilia."

Everett akatoka amevaa koti, amefunga kamba za viatu vizuri. Alipoziona pingu hakupigana. Alimtazama Darlene tu. Naye Darlene akainamia mkoba wake, akijifanya anatafuta kitu.

"Ni mimi niliyeamua, kaka," Mayfield akasema. "Yeye hahusiki."

Darlene akaufunga mkoba, akaliacha liwe hivyo.

Nywele zilitoka vizuri. Kazini wakamsifia juma zima, na kila sifa ilimchoma. Juma la pili akazifunga kitambaa.

Baada ya majuma matatu Everett alirudi nyumbani. Mama Pogue akapiga simu: kijana hataki hata kumsikia yule askari, anamtaka Bi Darlene peke yake. Basi mara hii Mayfield ndiye aliyebaki garini.

"Akiuliza, bado ni mimi," akamwambia. "Mabega ya kubeba lawama ninayo. Asipokuamini wewe, siku nyingine atamfungulia nani mlango?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Darlene usingizi. Akapanda ngazi za barazani. Everett akafungua, mkononi ana vikombe viwili vya kahawa.

"Karibu. Yule mwenzako ana roho ya jiwe."

"Everett, aliniuliza kama tungoje gari la wagonjwa. Saa mbili. Mimi ndiye niliyesema twende."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na miadi ya nywele."

Everett akakitazama kile kitambaa kichwani mwake. Akakitazama sana. Kisha akarudi ndani na vikombe vyake vyote viwili, akausukuma mlango taratibu, na komeo likaingia.

"Nitakaa hapa hizo saa mbili," Darlene akauambia mlango. "Zile ambazo sikukaa."

Akaketi kwenye ngazi. Kutoka garini Mayfield akafungua mikono, kumwuliza kulikoni. Darlene akamwinulia vidole viwili. Mayfield akazima injini.

Baridi ya mwezi wa tatu ilimpanda kutoka kwenye ubao. Tarishi akapita. Mbwa wa jirani akambwekea mpaka akachoka. Mikono ilipokuwa imekufa ganzi, sauti ikatoka nyuma ya mlango, karibu kabisa.

"Umekalia gazeti la mama."

"Najua. Linanikinga baridi."

Kisha Everett: "Zimebaki dakika ishirini."

"Najua, Everett," Darlene akasema, akavuta koti, akaendelea kukaa.