Merikebu Tatu Ukutani

Katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, Bwana Shauri mmoja, ofisa wa Kizungu wa wilaya, alipohamishwa kutoka Newala alimwachia baba, aliyekuwa tarishi wa boma, picha kubwa ya rangi. Merikebu tatu zilikuwa katika tufani, moja imelala ubavu, matanga yamechanika. Baba akaitundika juu ya mitungi ya mama. Mama aliijaza mitungi ile kwa kushuka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani, na wenzake wakipita kupumzika walimtania: "Dada, unahangaikia nini bondeni na maji yote haya yako nyumbani?"

Mama hakucheka. Kaka yangu alikuwa amepata nafasi ya kujifunza ufundi katika karakana ya reli, Tanga. Angepanda lori kupitia Masasi hadi Lindi, kisha meli. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuiona bahari, hata baba. Mama aliamini bahari iko kila siku kama ile ya pichani.

Kwetu safari ya kijana huamuliwa na mjomba. Mjomba alipofika, tukampa shikamoo, mama akamsimamisha mbele ya picha. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hawa walifika?"

"Ni picha tu, mjomba," kaka akasema.

"Nimeuliza kama walifika."

Nani angejua?

"Basi utalima mikorosho," mjomba akasema, na mama akaenda kukamata kuku.

Zamu yangu ilipofika mjomba alikuwa amekwisha kufa, na hakuna aliyenizuia. Nimezunguka miji mingi tangu hapo, nikahama kila nilipoanza kuzoea. Lakini nikikumbuka nyumbani, hukumbuka kwanza chakula cha usiku niliporudi likizo yangu ya kwanza. Mama aliniuliza habari za bahari. Nami, kwa furaha ya kijana aliyetoka safari, nikasema ilikuwa shwari kutoka Lindi mpaka mwisho, hata chai haikumwagika kikombeni.

Kaka aliacha tonge mkononi. Mama akamtazama yeye, si mimi.

"Labda ilikuwa siku hiyo tu," akasema mama taratibu.

"Ndiyo, mama," kaka akajibu. "Siku hiyo tu."

Akala tonge lake. Baadaye, mama alipotoka na vyombo, kaka akaniuliza kwa sauti ya chini kama chai ya melini hutiwa maziwa.