Tumboni mwa Zimwi

Mtu akifiwa hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, baada ya kulia na kuzika, hakosi kufika kwa Raihana. Ana kisekretariati chake avenue ya sita, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta, printa ya rangi, na feni iliyokataa kugeuza shingo tangu mwaka juzi. Humo ndimo zinamotoka karatasi za kuondoa matanga: uso wa marehemu juu, tarehe mbili chini yake, nyimbo za misa, na shukrani kwa waliochangia vinywaji. Yeye mwenyewe ni Mwislamu wa mjini, kwao wapo Bujumbura tangu enzi za babu yake muuza vitambaa. Wenzake wa msikitini humtania kwamba anakula wali wa arubaini huku na bia za matanga kule. Huwajibu kwamba bia hajawahi kuionja, na wali wenyewe siku hizi hauna nyama.

Zamani aliitwa Mama Yasmina. Yasmina alikuwa mtoto wake wa pekee, na malaria ilimchukua akiwa na miaka tisa, miaka minne iliyopita. Majirani wakaanza kuona vibaya kulitaja jina hilo mbele yake, mmoja baada ya mwingine, hadi siku moja akasikia anaitwa Mama Fotokopi. Iliuma. Akaendelea kutoa fotokopi.

Kazini ana desturi moja ambayo hakufundishwa na mtu. Uso wa marehemu hauachwi wazi ukikodolea watu macho. Karatasi ikitoka tu kwenye printa, anaigeuza kifudifudi. Ikiharibika, labda wino umechafuka au jina limekosewa, anaigeuza vilevile na kuiweka pembeni ya meza ikingoja kuchomwa uani. "Kwangu uso wa marehemu hautoki ovyo," huwaambia wafiwa, na huwaambia kwa kujivuna kidogo. Karatasi nyingine mbovu, za mitihani na mikataba, pamoja na zilizobaki tupu, huzikusanya jioni akampa Daphrose, muuza mandazi wa hapo mlangoni, naye humshukuru kwa mandazi mawili ya moto.

Sasa, mtu mmoja aitwaye Zénon alipoingia mara ya kwanza, Raihana alimtilia shaka kabla hajafungua mdomo. Mtu gani anavaa koti jeusi kwenye joto la Bujumbura? Alikuwa mwembamba, mpole kupita kiasi, karani wa bandarini anayeandika magunia yanayopakiwa kwenda Kigoma. Alitoa bahasha kwapani akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, munafanyaka skani ya michoro?"

"Inategemea ni michoro gani," alisema Raihana.

Zénon akatoa mchoro mmoja, akaukunjua. Astaghfirullah! Ulikuwa umechorwa wote kwa biki nyeusi, vistari vidogo vidogo maelfu kwa maelfu. Migomba iliyokauka ilisimama kama watu waliochoka. Palikuwa na nyumba ya nyasi ambayo mlango wake una meno, na bibi harusi aliyefunikwa utando wa buibui badala ya shela. Katikati liliketi zimwi, lile ambalo kwa Kirundi huitwa igisizimwe, limenenepa, na tumbo lake linaonyesha ndani kama chupa. Ndani ya tumbo mlikuwa na watu waliosimama wakingoja.

Raihana alitaka kuirudisha karatasi ile mezani. Hakuirudisha. Macho yalikwenda kwenye mlango wenye meno, yakahamia kwa bibi harusi, yakarudi tumboni. Ilikuwa picha nzuri, na uzuri wake ukamkasirisha, maana mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayesali sala tano hakutegemea kufurahia kitu kama kile.

"Nani anapenda mambo kama hii?" aliuliza.

"Wako wengi, mama. Natiaka kwenye internet. Watu wanapenda kuogopa wakati wako mu nyumba zao, mulango umefungwa."

Alipotoka, Raihana alisoma Ayatul Kursi na kuipulizia skana.

Mara ya pili ndipo shaka ilipopata miguu. Zimwi lilikuwa lilelile, msitu mwingine, na watu waliomo tumboni walikuwa wengi zaidi. Mmoja wao alikuwa na chunjua kwenye kope la kushoto. Raihana aliinamia karatasi. Huyo alikuwa Rénovat, fundi baiskeli wa avenue ya tisa, na uso ule ulikuwa umetoka kwenye printa yake wiki tatu kabla, chunjua na kila kitu. Pembeni yake alisimama mwanamke mwenye miwani ambaye matanga yake yaliondolewa mwezi wa kwanza.

Alimwacha Zénon aende, kisha akabadilisha namba ya siri ya kompyuta na kukigeuza kiti cha wateja kiangalie ukuta. Alihesabu funguo. Alimkagua hata yule mjusi wa dirishani, maskini, ambaye hakuwa na kosa.

Halafu akatoka kwenda kumdodosa Daphrose.

"Uyo mutu wa koti?" Daphrose aligeuza mandazi kwenye mafuta bila haraka. "Mi namujuaka miaka mingi. Kila asubui kabla ya kwenda bandarini ananunuaka mandazi ine. Lakini anataka kila moja nifunge yake peke yake, mu karatasi yake. Mandazi ine, karatasi ine! Nani anakulaka hivo?"

"Pengine ana watoto."

"Hana mutoto, hana muke. Mi nasema ni ya kupeleka kwa mashetani. Vraiment, kweli, kila shetani na yake."

Raihana alirudi dukani akiwa na hofu maradufu. Haikuwa hofu ya mashetani tu. Kama Bwiza ingejua kwamba nyuso za marehemu zimetoka kwake na kuingia kwenye tumbo la zimwi, nani angemletea tena picha ya mama yake? Wangesema wanashirikiana, yule anachora, huyu anatoa wafu.

Mara ya tatu Zénon alileta mchoro mkubwa zaidi, na Raihana akauangalia kwa jicho la polisi. Alimwona Rénovat. Alimwona yule wa miwani. Kisha, chini, karibu na ubavu wa zimwi, akamwona msichana wa sare ya shule, mwenye alama ya mkato kwenye nyusi.

Mkato ule ulitokana na geti la nyumbani. Raihana mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa siku ile.

Alikuwa Yasmina.

Picha ya Yasmina haikuwepo tena duniani. Hilo Raihana alilijua kuliko mtu yeyote. Siku ya arubaini simu yake ilikuwa inazimika zimika, akawahi kutoa nakala moja kabla haijafa kabisa. Akaitazama mara moja, akashindwa, akaigeuza kifudifudi mezani. Umeme ukakatika, wageni wakaingia, na siku zilizofuata hakuiona tena. Aliamini kwamba aliichoma pamoja na zile mbovu, kwa mkono wake mwenyewe. Miaka minne amejilaumu kwa moto ule. Leo mtu wa koti jeusi anamletea mtoto, na amemweka ndani ya tumbo la zimwi.

"Unakaa wapi?" aliuliza.

"Carama, nyuma ya kanisa. Mulango wa bluu. Mama, muko mugonjwa?"

"Apana."

Mwizi anayetoa anwani yake kirahisi namna hiyo, aliwaza, ni mwizi aliyejiandaa.

Jumapili ilipofika alitia mkasi wa kazini kwenye mkoba. Mabasi hayakuwepo, mafuta yalikuwa hayajafika mjini wiki nzima, kwa hiyo alitembea. Alipita mtaa wa Kamenge, akapita Kinama, huku akipanga maneno. Kwanza angemtukana. Kisha angechukua mchoro na kumkata mtoto wake atoke mle ndani. Hakutaka kingine. Haki, polisi, mashetani, vyote vingesubiri. Yasmina asilale hata siku moja zaidi katika tumbo lile.

Mlango wa bluu ulifunguliwa na Zénon mwenyewe, bila koti. Bila koti alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye fulana iliyotoboka begani. Nyuma yake kuta zilijaa mazimwi, na chini ya dirisha palikuwa na kopo lenye mche wa nyanya. Ule mchoro mkubwa ulikuwa juu ya meza.

Matusi yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani.

"Nipe mutoto wangu," alisema.

"Mutoto gani, mama?"

"Huyu!" Aliusukumia kidole mchoro. "Umemutoa wapi? Umeingia mu kompyuta yangu? Nani amekutuma?"

Zénon aliangalia kidole, kisha uso wa Raihana, na rangi ikamtoka. Aliinama, akavuta katoni ya sabuni kutoka chini ya kitanda na kuiweka mezani.

Ndani mlikuwa na karatasi, zimepangwa vizuri, zimenyooshwa hata mikunjo ikabaki kama mistari ya kiganja. Kila moja ilikuwa na uso, na kila uso ulikuwa na doa la mafuta.

"Kwa Daphrose, mama. Zote. Anafungiaka mandazi. Siku ya kwanza nilikula, nikafungua karatasi, nikaona muzee mumoja ananiangalia. Nikashindwa kumutupa. Nitamutupa wapi? Mu mutaro?" Alimeza mate. "Ile siku nikaanza kununua ine, kila moja na karatasi yake, ili niokoe sura nyingi. Daphrose anachukuaka tu ya juu, haangaliake ndani. Mi nilizani munajua."

Raihana alikaa kitini bila kukaribishwa. Aliiona meza yake ya kazini kama vile iko mbele yake: zile karatasi pembeni, zimegeuzwa kwa heshima, migongo yao myeupe ikitazama juu. Jioni, akiwa amechoka, mkono wake unapita ukizikusanya nazo pamoja na karatasi nyeupe tupu za Daphrose. Miaka yote hiyo. Alikuwa akificha nyuso zisionekane, akazificha hata yeye mwenyewe asizione. Wezi wote aliowawaza, mashetani wote, namba za siri, kumbe ni yeye.

Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Na kwa nini unawatia mu tumbo ya zimwi?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya mtu aliyekosa haki ya kufoka. "Hukuona pahali pengine? Maua? Mawingu?"

"Kwenye karatasi za misa wanaandikaka kwamba amelala. Mi mama yangu alikufa, nilimuona, hakulala." Zénon alikuwa akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Bibi yangu alitupigiaka hadisi. Igisizimwe kinameza watu wote, nyumba nzima, na ng'ombe. Lakini mwisho kinakatwa kidole kidogo, watu wanatoka wazima, hata majina yao wanakumbuka. Nikasema nichore pale kabla kidole hakijakatwa. Wako mu giza, ndiyo, lakini wanangoja. Kwenye maua hakuna mwenye anangoja kitu."

Raihana alipekua katoni polepole, akampata. Yasmina alikuwa na duara la mafuta shavuni, na bado alikuwa Yasmina, mdomo umekazwa ili asicheke. Raihana alilia kwa sauti, bila kujali majirani wa watu. Furaha na uchungu vilikuja pamoja na hakujaribu kuvitenganisha.

Zénon alipoona mkasi umechungulia kwenye mkoba, aliusogeza mchoro mbele yake.

"Muukate, mama. Ni wenu."

Ilikuwa kazi ya mwezi mzima, vistari maelfu kwa maelfu, na alimpa bila kusita. Raihana aliutoa mkasi. Akaweka ncha karibu na ubavu wa zimwi, akainama amtazame mtoto vizuri, aanzie wapi asimjeruhi.

Hapo akauona mkono. Kwenye picha mkono wa kulia wa Yasmina ulikuwa umenyooka hadi ukingoni, ukaishia hapo, kwa sababu siku ya kupigwa picha ulikuwa umemshika mama yake, na Raihana alijiondoa kwenye picha alipoitoa nakala. Zénon hakujua hilo. Alichora alichokiona. Mle gizani, katikati ya Rénovat na wazee wasiomfahamu, mtoto alikuwa amenyoosha mkono na vidole vyake vilikuwa vimefumbata hewa.

Raihana aliuweka mkasi chini.

"Unaona hii mukono?"

"Naiona, mama. Nilishindwa kujua inashika nini."

"Inashika mimi. Nichore."

Zénon alirudi nyuma hatua moja. "Apana, mama. Mule sitiaka mutu mwenye yuko hai. Watu watasema nimekuroga. Na mukifa kesho?"

"Watu watasema tu, hata ukichora maua. Nitie pale pembeni yake."

"Mama Fotokopi, tafazali..."

"Mi ni Mama Yasmina," alisema. "Chukua biki."

Alikaza kitambaa chake kichwani, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. Zénon aliuangalia, akavuta kiti, akaanza na vidole.