Mabati ya Mama Odeta

Sisi tuliokulia Ngagara wakati mpira ulikuwa wa majani ya migomba, tukikutana siku hizi harusini au msibani, maneno ni yale yale: nani alikuwa hodari wa kuruka kamba, nani alichapwa kwa kusema Kirundi darasani badala ya Kifaransa, mandazi ya nani yalikuwa matamu kuliko yote ya kartie, mtaa wetu. Tunacheka mpaka machozi. Kisha lazima mmoja aseme, "Na vile tulikuwa tunaenda kutengenezea maskini nyumba zao!" Wote wanaitikia kwa fahari. Hapo mimi huinuka nikajidai natafuta maji ya kunywa.

Ilikuwa kila Jumamosi. Parokia yetu ilikuwa na kikundi cha watoto na vijana, na mkubwa wetu alikuwa Papa Silvesta, fundi wa kujenga aliyekuwa pia katekista, mtu mrefu mwenye viganja vigumu na sauti ya chini. Baada ya misa ya asubuhi tulipanga mstari, ndoo vichwani, majembe mabegani, tukaenda kwa miguu mpaka Kinama tukiimba. Huko tulikanyaga udongo mpaka ukalainika kama bugali, tukakandika kuta zilizopasuka, na vijana wakubwa wakapanda juu kupigilia mabati. Bado naisikia harufu ya ule udongo mbichi, na ubaridi wake kati ya vidole vya miguu. Mchana tulikula mkate mkavu na ndizi, tukaona tumekula karamu. Watoto wa leo ukiwaambia wakanyage udongo, watakuuliza kwanza kama kuna gari la kuwarudisha.

Jioni mama alinisugua miguu kwa jiwe huku akisema, "Tenda wema, wende zako." Nilidhani maana yake ni kwamba tukimaliza kazi turudi nyumbani mapema.

Nilikuwa darasa la tano siku Papa Silvesta alipotupeleka kwa mjane mmoja aliyeuza sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, sokoni Kinama. Upepo ulikuwa umemng'olea paa, na kwa majuma mengi alikuwa akilala na watoto wake chini ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Parokia ilimpa mabati sita mapya. Tulipofika tu, binti yake akatoka na ndoo ya maji, nami nikasimama pale pale. Alikuwa Odeta. Tulikaa benchi moja shuleni. Kila mwezi mwalimu aliposoma matokeo, Odeta alikuwa wa kwanza na mimi wa pili. Sikuwahi kujiuliza anatoka wapi. Nilichojua ni kwamba hufika na vumbi mpaka magotini, akalifuta kwa majani kabla ya kuingia darasani.

Alinivuta nyuma ya nyumba.

"We, usiseme ku masomo," aliniambia.

"Siwezi sema."

"Apa."

Nikaapa. Tukarudi kukanyaga udongo pamoja, tumeshikana mikono tusiteleze, na nakumbuka tulicheka sana.

Mchana tulipotoa mkate wetu, Mama Odeta alitukataza. "Mutu hawezi kuja kunijengea nyumba akule mukate mukavu ku kwangu," alisema. Akatupakulia sombe na ndagala, dagaa wa ziwani, alivyokuwa amevipika kwa ajili ya soko, sote, watu zaidi ya ishirini. Mimi niliongezewa mara mbili kwa sababu nilikuwa rafiki wa mtoto wake.

Wiki tatu baadaye mwalimu alisoma matokeo tena. Baba alikuwa ameniambia kwamba mtoto wa mtu wa ofisi hawezi kuwa wa pili milele. Odeta alikuwa wa kwanza. Saa ya mapumziko nilisimama kwenye bomba la maji na wasichana wengine wawili wa darasa letu, na mmoja akasema Odeta ana akili kweli.

"Akili gani?" nikasema. "Hata bati analala chini yake tulimupa sisi. Walikuwa wanalala mu plastiki kama kuku."

Walicheka, na mimi nikacheka nao. Ningependa kusema nilikuwa na hasira na sikujua ninachosema. Nilijua. Hata hilo la kuku nililitafuta kidogo kabla ya kulisema.

Kesho yake asubuhi mtu alimwita Odeta "Mabati". Kufika mchana, uwanja mzima wa shule ulikuwa ukiliimba jina hilo. Odeta aligeuka akanitazama mara moja, kisha akafungua daftari lake akaandika mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Alivumilia siku mbili zaidi. Siku iliyofuata nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu, na hakurudi tena.

Jumapili, tukitoka misani, tulimwona Mama Odeta anaingia uwanja wa kanisa pamoja na jirani yake, kila mmoja amejitwika mabati matatu. Ulikuwa msimu wa mvua. Mawingu meusi yalikuwa yamekwisha kusimama juu ya milima. Aliyatua mbele ya Papa Silvesta, akayapanga vizuri, moja juu ya jingine. Matundu ya misumari yalionekana.

"Papa, aksanti sana," alisema. "Mabati yenu haya."

"Mama, kumetokea nini? Mvua inakuja!"

"Naiona. Lakini mutoto wangu ana jina. Nilimubatiza hapa hapa."

Papa Silvesta alimsihi, padri akatoka akamsihi. Aliwasikiliza wote kwa heshima, akawaaga, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama na wanakwaya, umbali wa hatua kumi, nimevaa kanzu nyeupe.

Yule jirani alipokwisha kumweleza, Papa Silvesta alitukusanya ndani ya ukumbi akauliza ni nani aliyesema shuleni. Katika kikundi kile ni mimi peke yangu niliyesoma darasa moja na Odeta, lakini yeye hakulijua hilo; alidhani urafiki wetu ulianzia kwenye udongo siku ile. Alingoja. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mwishowe akasema, "Kama hakuna mutu, basi ni mimi nilifundisha vibaya," akavua kofia yake akakaa chini. Mtu mzima, mbele ya watoto. Mvua ilinyesha alasiri ile yote.

Mwezi uliofuata nilikuwa wa kwanza. Baba aliniletea saa ya mkono, akawaonyesha majirani. Niliivaa siku mbili, nikaificha, nikasema imepotea.

Kisha ikaja miaka mibaya ya vita iliyotutawanya wote, huyu Kigoma, yule Uvira. Papa Silvesta alifariki tukiwa mbali, sikumwambia. Mwaka jana tu, kwenye ubatizo huko Musaga, mama mmoja mnene aliyekuwa akigawa vinywaji alinishika mkono akaniita kwa jina langu la utotoni. Alikuwa Odeta. Anashona nguo, ana watoto wanne. Tulikaa pembeni. Nilijaribu kuanza, akanisaidia.

"Mama aliniuliza ni nani alisema," alisema. "Nikamwambia sijui. Angekujua, angekuita mbele ya kanisa lote. Nilikuonea huruma."

Nikamwomba anisamehe. Nililia, nadhani.

"Nilishakusamehe zamani, dada," alisema. Akakunja kitambaa chake mapajani. "Lakini vile nilikuwa napenda masomo, we!"

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja chakula alichokipenda utotoni. Baadaye alinijazia tena glasi.

Binti yangu naye yumo katika kikundi cha vijana wa parokia. Mwezi uliopita walikwenda kumtengenezea mzee mmoja nyumba, wakarudi kwa gari, na jioni akanionyesha picha: yeye na wenzake wanacheka, na nyuma yao yule mzee amekaa mlangoni, shati limechanika begani, hajui aangalie wapi. Ilikuwa imekwisha kutumwa kwa watu wengi. Nilianza kumgombeza kama tunavyowagombeza wote, kwamba vijana wa leo hawana siri, kwamba enzi zetu tulitenda wema tukaenda zetu.

"Mama, nyinyi wa zamani mulikuwa malaika tu," alinijibu.

Basi nikamwambia yote, tangu kiapo nyuma ya nyumba mpaka kanzu nyeupe. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata baba yake. Hakunikumbatia, wala hakuniambia si kitu, maana nilikuwa mtoto. Aliniuliza tu, "Na yule mama, walilala wapi na mvua ile?"

Nimeishi na jambo hili miaka yote hii, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia sijui.